Do Inapohama

Chukua karatasi ya solfa ya kwaya yoyote ya Kilutheri au Kikatoliki, kuanzia Bukoba hadi Voi, utakuta sura ile ile: safu nne za herufi, nukta pacha zinazotenganisha mapigo, na juu kabisa, upande wa kushoto, maandishi madogo yanayotaja do iko wapi leo. Haleluya ya Handel imeimbwa hivyo na watu ambao hawajawahi kuisoma nota kwenye mistari mitano, na wameiimba vizuri. Mfumo huo, aliouendeleza na kuueneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ulisafiri na wamisheni. Ulifika kwetu, na ulifika Afrika Kusini. Huko ukafanya jambo ambalo kwetu halijatokea kwa kiasi hicho: ukawa mlango wa uani wa kuingilia kwenye opera.

Leo nauchambua mlango huo kupitia shule ya opera ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Sababu ni moja. Kila linapotajwa jina la Pretty Yende, msichana wa mji wa Piet Retief aliyeshinda mashindano ya opera ya Operalia mwaka 2011 na kuimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles mwaka 2023, watu husema “kipaji”, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Kipaji hakimfundishi mtu kuvuta pumzi kwa wakati wake. Kuna watu walikaa naye chumbani, pembeni ya piano, na mmoja wao, Virginia Davids, alikuwa mwalimu wake wa sauti chuoni hapo.

Chuo cha muziki kilichoizaa shule hiyo kilianzishwa 1910 kikaunganishwa na chuo kikuu mwaka 1923. Mwaka 1946 akaja kukiongoza Erik Chisholm, mtunzi Mskoti asiyependa mambo kwenda polepole. Akampa kazi ya opera Gregorio Fiasconaro, baritoni wa Kiitalia aliyekuwa rubani wa kijeshi na kuletwa Afrika Kusini kama mateka wa vita. (Wapenzi wa riadha watalitambua jina: mwanawe Marcello ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini Milan mwaka 1973, dakika 1 na sekunde 43.7. Ukoo huo ulikuwa na mapafu.) Januari 1957 Chisholm na Fiasconaro walikuwa London na kikundi chao cha Cape Town, wakionyesha opera ya Bartók kuhusu ngome ya Bluebeard. Uchaguzi huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Opera hiyo ni ya saa moja, haina kwaya ya kuimba, na waimbaji wake ni wawili tu: Désirée Talbot, na Fiasconaro mwenyewe. Ni opera ya kusafiri nayo. Lakini pia ni opera inayomwonyesha mwalimu. Ukiongoza shule halafu ukachagua kazi ambayo wewe ndiye nusu ya waigizaji, umeipa shule sifa, ila wanafunzi 20 wamebaki wakishika mapazia. Nasema hivi bila kumvunjia heshima. Shule changa huhitaji sifa. Nataka tu tuone tofauti na kilichofuata.

Kilichofuata kilichelewa kwa sababu ya siasa. Sheria ya mwaka 1959 iliwafungia Waafrika milango ya vyuo vikuu vya Wazungu, mtu asiingie mpaka apate kibali cha waziri. Ukumbi mkubwa wa opera wa Cape Town, Nico Malan, ulipofunguliwa 1971 ulikuwa wa Wazungu peke yao, hadi 1975. Huku nje, kikundi cha Eoan cha mtaa wa District Six kilikuwa kimeshaimba La traviata tangu 1956, kwa Kiitalia, chini ya Joseph Manca, waimbaji wake wakiwa watu wa kazi za kawaida ambao wengi walijifunza kwa kusikia. Angelo Gobbato, mzaliwa wa Milan aliyelelewa kiopera katika shule hiyo hiyo ya chuo kikuu, alipokabidhiwa uongozi wake mapema miaka ya 1980, waimbaji wa kutosha walikuwepo tayari, nje ya geti, wakiwa na karatasi za solfa mkononi.

Sasa tuingie jikoni.

Mwanakwaya anakuja chuoni na mali mbili: sikio na kumbukumbu. Atashika wimbo wa dakika tano kwa jioni moja na hatausahau. Tatizo lake linaanzia pale do inapohama. Kwenye solfa, do haina nyumba ya kudumu. Wimbo ukiwa katika G, G ndiyo do. Ukipanda kwenda D, D inavaa jina hilo, na karatasi inakuwekea nota moja yenye majina mawili, so ya zamani ikigeuka do mpya, ili uvuke kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Nyimbo za kanisani huvuka mara moja au mbili. Opera huvuka ukurasa hadi ukurasa, tena orkestra iliyo chini ya jukwaa haijui do wala re. Kondakta akisema “turudi kipimo cha 328”, mwenye herufi anabaki kupepesa macho.

Wapo walimu wanaosema dawa ni kumnyang'anya solfa siku ya kwanza. Naona wanakosea, na ushahidi wangu ni Mozart. Fungua mwisho wa tendo la pili la Ndoa ya Figaro, muziki wa kama dakika 20 usiosimama, unaoanza na watu wawili wakigombana na kuisha na saba wakiimba kwa pamoja. Unaanzia E-flati, unakwenda B-flati. Halafu Figaro anaingia, na muziki unaruka kwenda G bila gogo lolote. Ni mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Kuanzia hapo ni ngazi tupu ya kushuka: G, C, F, B-flati, E-flati. Kila hatua, do ya zamani inageuka so. Mwanakwaya wa solfa akioneshwa hivyo anaiona ramani nzima kwa dakika mbili, wakati msomaji hodari wa mistari mitano anaweza kuimba kila nota sawasawa na asijue kamwe kwamba amerudi nyumbani. Kazi ya mwalimu, basi, ni kumwongezea maandishi ya pili huku ya kwanza yakibaki, na kumfundisha kuhesabu kimya. Karatasi ya kwaya ina wachache wanaonyamaza. Opera ina kurasa nzima ambazo wewe umesimama jukwaani, hujasema neno, halafu unatakiwa uingie katikati ya pigo la nne.

Figaro inapendwa na shule za muziki kwa sababu nyingine tena. Ina nafasi kama 11 za kuimba, hivyo kiongozi akipanga vikosi viwili vya kupokezana usiku kwa usiku, watu zaidi ya 20 wamepata jukwaa. Na haiui koo changa. Mwimbaji wa kwanza kabisa wa nafasi ya Susanna, Nancy Storace, alikuwa na miaka 20 mwaka 1786. Barbarina wa kwanza, Anna Gottlieb, alikuwa na 12. Wagner hakuandikia watu wa umri huo. Misuli ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, huendelea kukomaa hata baada ya cheti kutolewa, na mwalimu anayetaka kupigiwa makofi msimu huu anaweza kuvunja sauti ambayo ingeiva baada ya miaka kumi.

Sehemu ngumu zaidi ni sauti yenyewe, kwa sababu kwaya nzuri na opera nzuri zinataka vitu vinavyopingana. Kwenye kwaya unasifiwa ukipotea. Mwalimu wa kwaya akikusikia wewe peke yako atakunyooshea kidole ujichanganye. Mwimbaji wa opera hana kipaza sauti, na mbele yake kuna orkestra nzima. Anasikikaje? Msweden Johan Sundberg aliipima: nguvu nyingi za orkestra zimekusanyika karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, kisha zinashuka. Sauti ya mwanaume aliyefundishwa ina kilima kingine karibu na 3,000, mahali ambapo orkestra imeshapungukiwa nguvu. Hashindani nayo kwa ukubwa, anapita juu yake. Kilima hicho hutokea zoloto likitulia chini na mrija mdogo ulio juu yake ukabana wakati koromeo limepanuka. Ukipiga kelele, zoloto linapanda na kilima kinapotea. Ndiyo maana mtu anayeimba kwa nguvu zote ukumbini hasikiki safu ya nyuma, na mwenzake aliyetulia anasikika hadi mlangoni.

Soprano akiwa juu ana hesabu yake tofauti. Sauti yake ikipita mitetemo 700 hivi, irabu nyingi hazina tena nafasi ya kusikika kama zilivyo, kwa hiyo anashusha taya ili mdomo uufuate mwinuko wa nota, na “i” inaanza kufanana na “a”. Msikilizaji analalamika kwamba haelewi maneno. Ana haki, lakini asimlaumu dada wa watu. Ni maumbile ya sauti.

Halafu kuna suala la teno. Karibu kila kwaya ninayoijua ina upungufu wa teno, na karibu kila kwaya hulitatua kwa kumpandisha baritoni. Nimefanya dhambi hiyo mwenyewe. Kijana anaimba juu kwa miaka sita, shingo imekaza kama kamba ya ndoo, anapata jina la teno, kisha anafika chuoni. Mwalimu wa kweli huanza kwa kumshusha, wiki hata miezi ya nyimbo za chini na za katikati, mpaka shingo ilegee na ijulikane pale sauti inapogeuka kweli. Mwanafunzi huona ameshushwa cheo. Vijana wengine huondoka hapo hapo.

Ndiyo maana napenda shule ya opera iongozwe na mtu ambaye koo lake limewahi kufanya kazi hiyo, kama Fiasconaro na Gobbato. Mwelekezi wa tamthilia tu atakwambia ukimbie ngazi, upige magoti, uimbe. Aliyewahi kuimba atakuuliza utavuta pumzi wapi, kisha ndipo apange magoti. Uongozi wa namna hii una hatari yake vilevile: mwalimu ana wanafunzi wake wa darasani, na mgawo wa nafasi ukifika, macho ya wote yapo kwake. Usaili ukisikilizwa na mtu mmoja, hata akiwa mwadilifu kiasi gani, minong'ono haitaisha, heri jopo. Kuhusu ngazi, Yende alijikwaa na kuanguka alipoingia jukwaani usiku wake wa kwanza kwenye Metropolitan ya New York, Januari 2013. Aliinuka, akaimba.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa Kixhosa na Kizulu walikuja nalo bila kujua thamani yake, na sisi wa Kiswahili tunalo: irabu tano safi, silabi zinazoishia na irabu, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiitalia kinatembea karibu hivyo hivyo. Konsonanti maradufu zitawasumbua, na Kijerumani kitawasumbua zaidi, maana ulimi wetu ukikutana na konsonanti tatu pamoja hutafuta irabu ya kuzitenganisha. Ila mstari wa Verdi unateleza.

Pauline Malefane, naye aliyepita katika shule hiyo, alishiriki kuigeuza opera ya Carmen kwa Kixhosa na kuiimba katika filamu ya U-Carmen eKhayelitsha, iliyopata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2005. Kifaransa cha opera hiyo ya Bizet kina vina vya namna mbili. Kuna vinavyoishia na silabi hafifu baada ya mkazo, na hivyo lugha za Kibantu huvivaa kama nguo iliyopimwa. Kuna vingine vinavyoishia na mkazo wenyewe, pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa, na hapo lugha zetu hazina neno. Siku Carmen ikija kwa Kiswahili, mfasiri ataelemewa kwenye mistari hiyo. Ningeanza kumtafutia kwenye tanakali za sauti: ndi, pu, chubwi inayoangukia mwisho. Na “tu”, tukikubaliana ibebe uzito ambao haikuzoea.