Chupa ya Ziada

Mpimaji wa zebaki anayeshuka ukingo wa mto Ruvu pale Mlandizi, wilayani Kibaha, hubeba chupa moja zaidi ya zile za kutekea. Imejazwa maji safi kabisa kutoka maabara. Akifika mtoni huifungua, huiacha wazi kwa muda ule ule anaoteka sampuli, huifunga na kurudi nayo. Chupa hiyo haiupimi mto. Inampima yeye: mikono yake, glavu zake, vumbi la gari alilopanda. Zebaki ikionekana humo, huenda ameibeba mwenyewe, na kazi ya siku nzima inasimama mpaka ajue ilikotoka.

Nauheshimu sana ufundi huu unaoanza kwa kujishuku.

Ana sababu ya kujishuku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Hiyo ni sawa na gramu 6 zilizosambaa katika matangi 1,000 ya lita 1,000. Mto ambao haujachafuliwa huwa na kiasi kidogo zaidi ya hapo mara mia na kupita. Kwa hiyo chupa hulowekwa kwenye asidi, husuuzwa, kisha hufungwa ndani ya mifuko miwili. Mtoni huenda watu wawili: mmoja hushika mfuko wa nje tu, mwenzake hagusi kitu kingine isipokuwa mfuko wa ndani na chupa. Sampuli ikishatekwa hutiwa asidi kidogo, zebaki isije ikanata kwenye kuta za chupa au kutoroka hewani.

Maabarani, kloridi ya bati huigeuza zebaki iliyoyeyuka kuwa mvuke. Hewa huusukuma mvuke huo hadi kwenye mrija wenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 253.7, na mvuke huumeza mwanga. Kadiri mwanga unavyofifia, ndivyo zebaki ilivyo nyingi. Wepesi wa kugeuka mvuke ndio unaomdhuru mchimbaji mdogo anayechoma kwenye moto dhahabu yake iliyonaswa kwa zebaki, na ndio huo huo unaomwezesha mpimaji kuikamata.

Hapa kwetu ufundi huu una watu wake. Justinian Ikingura, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya kazi miaka mingi na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya utafiti iliyoko Minamata, Japani, mji ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa uliokuja kujulikana kuwa ni sumu ya zebaki iliyopitia kwenye samaki. Katika maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa walipima samaki, na pia nywele za watu, kwa kuwa unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi na kuhifadhi habari za kilicholiwa. Mwaka 2002 walichapisha kazi yao juu ya laikeni, yale mabaka ya kijivu yanayoota kwenye magome. Laikeni haina mizizi. Hula mvua na hewa. Kilichomo ndani yake kimetoka angani, kwa hiyo mti ulio karibu na wachoma dhahabu hutoa ushahidi bila kuulizwa.

Wakapima pia samaki wa mabwawa ya umeme, yakiwemo Mtera na Nyumba ya Mungu, wakakuta zebaki kidogo. Jibu hilo nalithamini kuliko yote. Kusema "ni kidogo" na kuaminika kunadai usafi uleule, pengine zaidi.

Ndiyo maana nikipita msitu wa Pugu, Kisarawe, nikaona laikeni kwenye vigogo, nauona msitu kwa jicho la fundi huyo. Hapa si machimbo ya dhahabu, na bila mahali kama hapa machimbo ya Geita hayana cha kulinganishwa nacho. Lakini mvuke wa zebaki husafiri angani kwa miezi mingi, kwa hiyo hata usafi wa Pugu haukisiwi, unapimwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na ahadi ya kupunguza zebaki hufuatiliwa kwa tarakimu. Maji ya Ruvu yanayosafishwa Mlandizi hunywewa Dar es Salaam na watu wasioweza kuionja zebaki wala kuinusa. Wanachoweza kutegemea ni ile tarakimu. Na kabla haijaandikwa, lazima chupa ya ziada iwe imeshapimwa.