Udongo Hurushwa Juu

Oktoba, vuli ikiwa bado haijaanguka, mzee mmoja wa Muthetheni, Machakos, huwa katika kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kupanda. Huzibua mtaro uliojaa mchanga, na kila sepetu ya udongo huirusha upande wa juu wa mteremko, tuta linenepe. Kuurusha chini kungempunguzia jasho. Lakini kwa kuurusha juu, mwaka baada ya mwaka, shamba lililoinama hutulia likawa sawa, na maji hunywewa na mizizi badala ya kukimbilia mtoni.

Hana kipimo. Huchuchumaa penye mwanzo wa tuta, akafumba jicho moja, akalifuata hadi mwisho. Palipobonyea hata kidogo hupajaza, akapashindilia kwa mguu, akapapanda mabingobingo, maana anajua hapo ndipo maji yatakapopasulia. Nimemwona akirudi mahali pamoja mara tatu, hakuridhika. Sijui kazi ya kalamu yenye uangalifu kama huo.

Ndipo anapopanda, ardhi ingali kavu: mahindi, kunde, na mbaazi ambazo hazitavunwa hadi katikati ya mwaka ujao. Vuli ni fupi. Anayengoja tope ndipo ashike jembe amekwisha kupoteza siku ambazo mahindi hayatazipata tena.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa udongo wa serikali ya kikoloni, aliieleza Machakos kama nchi inayoangamia. Watu walishurutishwa kuchimba matuta, wakachukia, na walikuwa na haki. Baadaye waliyachimba kwa hiari, akina mama wa mwethya, vikundi vya kazi ya pamoja, wakiwa mbele. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kitabuni kwamba watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado udongo ulitunzwa vizuri zaidi.

Inaniuma basi kuona urithi huo ukiachwa. Trekta za kukodi hulima kufuata mteremko, zikiyakata matuta. Vijana walio Nairobi hutuma pesa za mbegu na mbolea, na wazazi hushukuru, lakini mtaro hauzibuliwi kwa simu. Shamba linalopakana na la mzee lilipasuka tuta vuli iliyopita. Halijazibwa. Juzi mbolea ilinunuliwa tena, na mvua ya kwanza itaipitishia palepale.