Santuri ya Dhahabu na Wasichana wa Ituri

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya angani, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Humo mna picha, muziki na salamu kwa lugha 55. Kamati ya Carl Sagan ilitaka dunia nzima ijitambulishe kwa yeyote atakayeiokota.

Nimeisikiliza mtandaoni mara nyingi. Nikiwa Mganda ninayesoma Kiswahili, nilikimbilia salamu kwanza. Kiganda kimo, hata Kisumeri kilichokufa kale kimo, Kiswahili hakimo. Iliniuma, lakini hilo ni pengo tu.

Kasoro yenyewe imo katika muziki. Orodha inamtaja Bach mara tatu, na Chuck Berry pia. Kisha unafika wimbo wa unyago kutoka msitu wa Ituri, Kongo, iliyoitwa Zaire siku hizo. Haufiki hata dakika moja. Sauti zinapokezana, hii ikiingia kabla ile haijakwisha, wala hujui nani anaongoza. Kwangu hakuna kipande kinachoushinda.

Anayetajwa ni Colin Turnbull, aliyerekodi. Waimbaji ni “wasichana mbilikimo” basi. Mtu atasema nyimbo za jadi hazina mwenyewe. Mbona Valya Balkanska, aliyeimba wimbo wa jadi wa Bulgaria, ametajwa? Turnbull naye hakuwa mpita njia. Aliishi na Wambuti hao, akala nao. Majina yao angeweza kuyauliza.