Ndonya na Jeraha la Kinywa

Karl Weule, Mjerumani mtaalamu wa mila za watu aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta wanawake wa Kimakonde wakivaa ndonya, kile kigingi cha mti kikaacho katika mdomo wa juu. Na mtu akiitazama kazi hiyo kwa jicho la utabibu, wala si kwa kustaajabia urembo tu, atang'amua kwamba kutoboa lilikuwa jambo jepesi, na tabu yote ilikuwa kulizuia tundu lisizibe. Msichana alitobolewa, akatiwa kijiti chembamba, na jeraha lilipotulia akatiwa kinene zaidi, hata mdomo ukatanuka kidogo kidogo. Maana mafundi wa kutoboa walijua kwa uzoefu kwamba nyama ya kinywa, ikiachwa yenyewe, hufunga upesi kuliko ya mguu.

Sababu yake ni dhahiri: kinywa kina mishipa mingi ya damu, nacho huoshwa daima na mate, ambayo yana vitu vya kupambana na vijidudu na kuhimiza nyama iote. Lakini wingi huo huo wa mishipa ndio uwatiao watu hofu, kwani mtoto aliyeanguka akajiuma ulimi, au aliyekatwa na ganda la muwa alipokuwa akiuchuna kwa meno, hutoka damu iliyochanganyika na mate hata ikaonekana maradufu.

Basi mtoto aketishwe na ainame mbele, ateme wala asimeze, maana damu ikishuka tumboni humtia kichefuchefu. Kisha aliyenawa mikono akunje kitambaa safi, akikandamize juu ya jeraha kwa dakika 10 mfululizo, na likiwa la shavu au mdomo, akibane kwa vidole, kimoja ndani na kingine nje. Asifunue kuchungulia. Kuchungulia, pamoja na kusukutua kwa nguvu, ndiko kuharibuko kazi, kwa kuwa donge la damu hung'oka kabla halijashika. Maji ya chumvi ni ya baadaye, kila baada ya chakula, nayo yawe yamechemshwa, hasa juu ya uwanda wa Newala, ambako tangu kale maji yalifuatwa mbali mabondeni. (Aliyetafuna korosho mbichi na ganda lake ameunguzwa na mafuta ya ganda hilo, hakukatwa, huyo kukandamizwa hakumfai.)

Palipo na haja ya zahanati ni hapa: damu isiyokoma ijapokandamizwa mara ya pili, jeraha lililoachama, au lipitalo sentimita 2, na lile lililokata mpaka wa mdomo, pale ngozi ya uso ikutanapo na nyama nyekundu, kwani mpaka huo ukishonwa kombo, hata kwa upana wa uzi, kovu huonekana maisha. Jino likiwa limevunjika na kipande hakionekani chini, mganga aambiwe, maana huenda kimejificha ndani ya mdomo uliovimba. Na mtoto aliyeanguka na kijiti kinywani kikamchoma kaakaa kwa nyuma, ijapokuwa damu ni tone tu, apelekwe siku hiyo hiyo. Kijiti kikiwa kimekwama, kisichomolewe nyumbani.