Kasiksi ya jamaa na kasiksi ya soko

Kati ya Butembo na Beni kila mutu anajua kasiksi, lakini wanaoihukumu ni wachache. Tukisha kusema « ni pombe ya bankambo », mazungumzo yamekwisha. Mimi naona heshima ya namna hiyo inaiua. Sombe ya mama yako unasema chumvi imepungua. Kwa nini kasiksi isisemewe?

Tuchukue jamaa moja ya upande wa Butembo, jina nitaliacha. Baba anakata ndizi, mama na binti zake wanakamua, vijana wanapeleka bidoni za litre 20 ku kinga. Ndizi zao ni za pombe, si zile za kupika. Wanaziivisha ndani ya shimo lililopashwa moto, chini ya majani ya migomba na udongo, siku kama tano. Wanazimenya, wanazikamua pamoja na nyasi kavu mpaka maji matamu yatoke, wanachuja, wanatia mutama uliokaangwa na kusagwa, wanaacha ichache. Mutama njo roho yake: unaleta rangi, na ile harufu ya kuungua kidogo.

Ya siku ya kwanza ni tamu mno, ya wale wasiopenda kulewa. Ya siku ya pili njo kasiksi yenyewe: nzito, na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Ya siku ya tatu imeanza kuwa kali kama siki, nao hawaiuzi. Hapo ninawasifu, maana sokoni wengine wanaongeza maji na sukari, wanauza kwa jina lile lile. Kasoro yao ni mbili: mutama hausagwi vizuri, unabaki ku meno, na bidoni zinanuka mafuta ya mawese. Kibuyu hakikuwa na shida hiyo.

Lakini lawama yote isiwaangukie watengenezaji. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka wa 2001, baadaye ukafika kwetu. Unashika sana kayinja, njo ndizi yetu ya pombe, kwa sababu wadudu wanaupeleka toka ua moja mpaka lingine. Anayevunja lile ua kwa kijiti cha panda anaokoa shamba, ila si wote wanafanya. Halafu, tangu Oktoba 2014, mauaji ya upande wa Beni yalifukuza watu mashambani. Ndizi ziliivia kule bila mukataji. Anayenunua ndizi bei kali, ni rahisi ajaribiwe na maji.

Ebola nayo, 2018 mpaka 2020, ilitufundisha kila mutu na kopo yake. Hiyo siisikitikii; utamu haukuwa ndani ya mate ya jirani.

Ninachosikitikia ni wazee. Rwanda wana urwagwa wao ndani ya chupa, na mnunuzi anasoma jina la aliyeitengeneza. Kwetu kazi ya kukagua ilikuwa ya wazee wa mahari: mbuzi wanahesabiwa, kasiksi inaonjwa, na bidoni mbaya inarudishwa mbele ya watu wote. Ku mahari moja ya juzi, muzee mumoja alionja, akaweka kopo chini polepole, akaomba Primus. Watu walicheka. Bidoni ile ilitoka soko, na jamaa ninayoisema, ambayo minervali ya watoto wake inatoka ndani ya kasiksi, inakaa nusu saa kwa miguu toka pale.