Pichi ya Propela: Pima Mapanga, Usiishie Kwenye Namba

Propela iliyotumika huuzwa kwa namba. Muuzaji anaonyesha kitovu kilichogongwa kipenyo na pichi kwa inchi, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei. Lakini namba ile inaeleza propela ilivyotoka kiwandani. Haielezi kilichoipata baada ya kugonga mwamba, kunyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa. Kwa maoni yangu, ubora wake unaonekana pale mapanga yote yanapokuwa na pichi moja, na hilo mnunuzi anaweza kulipima mwenyewe nyumbani.

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya mbao. Majini kuna kuteleza, hivyo chombo hakifikii umbali huo, ila mlalo wa panga ndio unaouamua. Chora duara kwenye karatasi, nusu kipenyo chake kiwe kama asilimia 70 ya urefu kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya panga, kisha simamisha kitovu katikati ya duara. Kwa guni la seremala, shusha karatasini alama za mahali ambapo kingo mbili za panga zinapita juu ya duara, na uandike kimo cha kila ukingo kutoka mezani. Tofauti ya vimo izidishe kwa 360, ugawanye kwa pembe iliyo kati ya alama hizo, ukiipima kutoka katikati. Tofauti ya milimita 50 na pembe ya digrii 60 hutoa milimita 300, karibu inchi 12. Rudia kwa kila panga.

Fundi mwenye kipimo maalumu atasema rula haiaminiki. Kosa la milimita moja katika mfano huu linapotosha pichi kwa milimita 6, yaani robo inchi hivi, wakati inchi nzima hubadilisha kasi ya injini kwa mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Isitoshe, meza na rula ni zile zile kwa mapanga yote, kwa hiyo ulinganisho unabaki na maana. Hoja nzito zaidi ni ya kitovu kilichokaa upande: hicho kitaharibu vipimo vyote, basi hakikisha kwanza kwa guni kwamba shimo la shafti limesimama wima. Wengine husema bahari ndiyo mwamuzi. Bahari huchanganya mzigo, upepo na uchafu wa chini ya boti, na haikuonyeshi panga lipi limepinda.

Mapanga yakitofautiana chini ya milimita moja ya kimo, nunua hata kama namba imefutika. Yakizidi milimita tatu, mtetemo utakula bearingi na sili za shafti. Iache, hata ikiwa inang'aa.