Mashine Kali, Gemu Ngumu

Umepata toleo jipya la gemu ya zamani ya ndege na risasi, ile uliyokuwa ukiimaliza kibandani. Unakufa hatua ya pili. Hapa Mlandege ukilalamika utaambiwa, "Umezeeka, mwanangu." Usikubali haraka. Kwanza ikague mashine.

Gemu hizi huchora picha 60 kwa sekunde. Ndani ya milisekunde 17 hivi, prosesa inatakiwa isogeze kila risasi, ikague nani kagongwa, kisha ichore. Risasi zikijaa, kazi haiishi kwa wakati, inaingia zamu inayofuata. Hapo sekunde moja ya gemu inakula mbili za kwako. Risasi iliyobakiza picha 20 kukufikia ingekupata baada ya theluthi ya sekunde. Sasa unazo theluthi mbili. Na mtu wa kawaida anahitaji kama robo sekunde kuona na kubonyeza. Umeona uhai wako ulipo?

Chukua Gradius III ya Konami. Ilianza kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1989, ikahamia nyumbani kwenye Super Famicom mwaka 1990. Toleo hilo la nyumbani lilisemwa sana kwa kusuasua. Mwaka 2019 Mbrazili Vitor Vilela akalirekebisha litumie chipu ya SA-1: megahezi 10.74 badala ya 3.58. Kusuasua kwisha. Kiufundi, kazi safi. Ila risasi hazikupungua. Kilichopungua ni muda wako wa kuzikwepa. Ndivyo inavyokuwa pia gemu ya ukumbini ikihamishiwa mashine ya nyumbani yenye nguvu zaidi bila kuiga uzito wa ile ya kwanza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosifu toleo kwa sababu tu "linateleza". Ni kama kupanda Kitonga: lori la mbele unalilaumu, kumbe ndilo linalokupa nafasi ya kuiona kona. Liondoe, kona ni zile zile, ajali ndiyo mpya.

Toleo zuri liwe na mwendo wa asili, na huo wa haraka uwe wa kuchagua. Na wewe ukishindanisha alama na mwenzako, muulize kwanza anachezea mashine gani. Bila hivyo mnashindana kwenye gemu mbili tofauti zenye jina moja.